Ukoo Uliokuja na Dada Zake

Mimi ni Mbena, na kila nikilisema hilo hapa Mtoni mtu huniuliza kama nimetoka Njombe au Makambako. Njombe sijafika. Ubena wangu ni wa ukoo. Kwa kabila, mama yangu alikuwa Mluguru wa Kinole, kule mlimani Morogoro, na baba Mzaramo wa Kisarawe. Ukoo, ule ambao siwezi kuuvua hata niolewe wapi, ni Bena, kwa kuwa mama alikuwa Bena, na mama yake, na mama wa mama yake. Baba alinipa mtala, jina la upande wake ambalo wazee waliniitia nikiwa mdogo, na mtala una heshima yake kubwa. Lakini kaburi langu, shamba langu na mjomba wangu wa kunisemea viko kwa Wabena.

Nauza viungo soko la Sterio, Temeke: pilipili manga, mdalasini, iliki, karafuu. Miaka yangu yote sokoni nimekuwa na tabia ya kuwauliza vijana wanaokuja kununua: wewe ukoo gani? Kijana wa Mtongani au wa kwa Azizi Ali atakutajia jina la babu mzaa baba, lile la tatu kwenye kitambulisho cha taifa. Hajakosea kwa hesabu za ofisini. Ila wengi wao ni wajukuu wa Wazaramo, Waluguru, Wakutu, Wakwere na Wakaguru, watu ambao kwa mila zao ukoo hutoka kwa mama. Historia yao, na mimi nasema sehemu yake kubwa, imekaa kwa bibi mzaa mama ambaye hakuna anayemwuliza. Bibi akifa, imekwenda naye. Ndiyo maana nimetaka kuandika habari za ukoo wetu: ulikotoka, ulivyopanda mlima, ulivyoshuka mpaka ukafika kwenye vyumba vya kupanga vya bonde la Mto Kizinga.

Nilichosimuliwa nilisimuliwa na bibi, mama wa mama, tukiwa kazini. Mdalasini humenywa mvua zikiwa zimelowesha mti, maana gome likikauka haliachii. Bibi alikuwa anakwangua ngozi ya nje kwa kisu kifupi, anapasua gome kwa urefu, analivua taratibu lisikatike, kisha analianika mkekani lijikunje lenyewe. Mikono ikiwa na shughuli, mdomo wake ulikuwa huru. Alisema wahenga wetu walitoka kusini, Ubena, wakija kidogo kidogo, wawindaji kwanza. Na kila alipofika hapo aliongeza neno lilelile: walikuja na dada zao.

Nilipokuwa mtoto nililiona neno hilo kama pambo la hadithi. Leo naliona kuwa ndiyo hadithi yenyewe. Wabena wa Njombe, kwa mila yao, humfuata baba. Mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Uluguru ni kinyume. Sasa fikiria wawindaji wale wangefika milimani peke yao. Wangeoa wanawake waliowakuta, na watoto wote wangekuwa wa koo za wanawake hao. Jina la Bena lingefifia na wazee walioleta mikuki. Halikufifia. Limekaa Uluguru vizazi na vizazi, limetoa machifu, limefika Temeke. Kwa sheria ya kule, jina la ukoo halina njia nyingine ya kuishi ila tumbo la mwanamke wa ukoo huo. Kwa hiyo dada walikuwepo. Nawaamini wazee wetu wa kike katika hili kuliko ninavyoamini orodha za wanaume hodari ambazo huanza na baba mmoja kana kwamba alijizalia watoto mwenyewe.

Nasi hatuko peke yetu katika kuja kutoka mbali. Waluguru ni jina la watu wa milimani, na koo zao nyingi husimulia asili tofauti: wengine kusini, wengine Uzigua, wengine magharibi. Milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake vimepita mita 2,600, ilikuwa kimbilio. Chini mbugani kulikuwa na njaa, vita, misafara ya watumwa. Juu kulikuwa na mvua, hasa upande wa mashariki unaotazama bahari, na mabonde ambayo adui huyaingia kwa shida. Watu wakapanda, koo zikakaa jirani jirani, zikaoana, lugha ikawa moja. Anayedhani kabila ni damu moja tangu Adamu angetembea Uluguru asikilize kila ukoo ukieleza njia yake.

Kinole ndiko Wabena walikoweka mizizi na ndiko kiti cha Kingalu kilipo. Kingalu ni jina la cheo. Mmoja akifa mwingine analirithi. Wengi hapa Dar wanalijua kwa sababu ya Soko Kuu la Chifu Kingalu pale Morogoro mjini. Wachache wanajua linavyorithiwa. Mtoto wa kumzaa Kingalu hawezi kuwa Kingalu, kwa kuwa ni wa ukoo wa mama yake. Kiti kinakwenda kwa ndugu wa tumbo moja au kwa mpwa, mtoto wa dada. Na ukisikia mtu anaitwa Kingalu Mwanabanzi, hapo umeambiwa pande zote mbili: yeye ni Bena kwa mama, kiti kimemfikia kwa njia hiyo, na ni mwana wa Banzi, huo ni upande wa baba. Baba hakufutwa. Jina lake linatembea mbele ya watu, linatajwa kwa heshima kwenye ngoma na kwenye mazishi. Kile asichokuwa nacho baba ni haki ya kugawa ardhi ya ukoo usio wake.

Ardhi ndiyo iliyoushika ukoo ukabaki ukoo. Kule kwetu bonde hili ni la ukoo huu, tuta lile ni la ukoo ule, na ukoo wenyewe umegawanyika katika vizazi vya bibi mmoja mmoja, ambavyo Waluguru huviita tombo. Mkuu wa tombo huwa mwanamume mara nyingi, lakini anakaa pale kwa kuwa ni kaka au mjomba wa wanawake wenye shamba. Mume anaoa, anakuja kulima kwa mkewe. Akipanda mgomba, anakula matunda yake; akipanda mti wa kudumu panazuka maneno, kwa sababu mti unaishi kuliko ndoa. Waingereza walipolazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani kuzuia mmomonyoko, mwaka 1955 kulitokea ghasia kule Matombo hata mradi ukaachwa. Sababu zilikuwa nyingi, kazi ngumu ya lazima ikiwa ya kwanza. Nami naona pia ugumu wa kumwambia mwanamume apasue kilima cha wakweze kwa miaka huku chifu wa serikali akitoa amri kana kwamba shamba ni la mshika jembe.

Wanawake kutawala hakukuwa jambo la ajabu katika nchi ile. Kwenye miguu ya milima yetu, Mzigua mmoja mwenye nguvu, Kisabengo, alijenga mji wenye ngome uliokuja kuwa Morogoro. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alikuta mji umezungushiwa ukuta wa mawe wenye minara, na mtawala wake ni binti wa Kisabengo, Simbamwene. Wabena wa Kinole walikuwa juu, Simbamwene chini njiani. Msafara wa pwani ulipokwenda bara ulipita mlangoni kwake.

Njia ile ndiyo iliyotushusha. Kwanza watu walishuka kwa chumvi na nguo. Halafu Wajerumani wakaleta kodi ya nyumba, 1898, na kodi ililipwa kwa fedha, na fedha ilikuwa mashambani kwa wazungu na pwani. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na mwaka 1907 ikafika Morogoro. Safari ya siku kadhaa kwa miguu ikawa ya siku moja. Ndizi za Uluguru zikaanza kuliwa Kariakoo, na nyuma ya kila mkungu wa ndizi alikuja mtu. Kabla ya uhuru, J. A. K. Leslie, ofisa wa Kiingereza aliyeuchunguza mji huu na kuandika kitabu kilichochapwa mwaka 1963, aliwakuta Waluguru ni miongoni mwa makabila makubwa zaidi mjini, pamoja na Wazaramo wenyeji na Warufiji.

Mama yangu alikuja akiwa msichana, kwa shangazi yake aliyeolewa na mfanyakazi wa bandarini. Mtoni ya wakati huo ilikuwa mashamba: minazi, mikorosho, mihogo, mpunga kando ya Kizinga. Nyumba za udongo na makuti zilikaa mbalimbali. Hakukuwa na huu msongamano wa Barabara ya Kilwa, wala vituo vya mwendokasi. Mama alipanga, akauza maandazi, akaolewa na Mzaramo. Na hapa pana jambo ambalo nawaomba wasomaji wa Temeke walishike: alipoingia kwa Wazaramo hakuingia kwa wageni.

Wazaramo nao huhesabu ukoo kwa mama na mtala kwa baba, kama Waluguru. Wazee wao husimulia kwamba walishuka pwani wakitokea Ukutu, chini ya milima ile ile. Katika masimulizi yaliyoandikwa zamani ya Dar es Salaam, enzi ikiitwa Mzizima, Pazi Kilama, kiongozi wa Wazaramo, anatajwa kuwa ndiye aliyewasaidia Washomvi wa pwani kuwafukuza Wakamba waliowavamia, na kwa sababu hiyo Washomvi wakawa wanampa Pazi ada kila mwaka. Washomvi nao wana yao: husema asili yao ni Barawa, pwani ya Somalia, wakishuka na bahari mji kwa mji. Kwa hiyo kila aliye hapa alikuja, mmoja kwa mguu kutoka mlimani, mwingine kwa jahazi. Mvua ilipokataa, Wazaramo walipanda tena kule juu, kwenye pango la Kolelo Uluguru, kuomba. Mtu hapandi siku nyingi za mlima kwenda kuomba kwa watu asiohusiana nao.

Basi baba na mama walipooana, wazee wa pande mbili walielewana bila mkalimani. Mjomba wangu alikuja kutoka Kinole, akakaa na mjomba wa baba aliyetoka Kisarawe, wakatajiana koo, wakatajiana mitala, wakaona hakuna kizuizi, wakala pilau. Mimi na wadogo zangu tukazaliwa Wabena, hapa Mtoni, tusiojua hata kupanda kilima.

Ukoo ulinifaa nilipoanza biashara. Sikuwa na mtaji. Mjomba aliniletea gunia la pilipili manga kwa mali kauli: chukua, uza, nitakuja kuchukua hela yangu. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Mpaka leo mzigo wangu mwingi unatoka kwa wapwa na binamu wa Kinole na Tegetero. Fuso inafika alfajiri, ndizi juu, magunia ya viungo chini yakiwa yamefunikwa turubai. Nafungua gunia, natumbukiza mkono mpaka kiwiko nitoe punje za katikati, maana juu kila mtu huweka nzuri. Punje kavu inalia kwenye kiganja ukiisugua; yenye unyevu iko kimya na itaota ukungu ndani ya wiki. Nikikuta mbichi napiga simu palepale, na anayepokea hawezi kunijibu vibaya, kwa sababu mama yake na mama yangu walinyonya ziwa moja. Nimeona wafanyabiashara wenye mikataba iliyopigwa mihuri wakidhulumiana. Sisemi ndugu hawadhulumiani. Nasema ndugu akikudhulumu unajua pa kumshtaki, na mshitakiwa anajua kuwa siku ya msiba wake atawahitaji haohao.

Sasa niwaeleze posa iliyotutikisa, maana hapo ndipo ukoo ulipojionyesha kuwa bado upo.

Mdogo wangu wa kike ana binti, ambaye kwetu ni binti yangu. Akapata mchumba wa Mbagala, kijana mzuri, fundi wa majokofu, baba yake Mngoni wa Songea. Mshenga akaja Mtoni na barua ya posa, imefungwa kwenye leso pamoja na fedha ya kufungulia. Tumekaa sebuleni, wanaume kwenye viti, sisi wanawake mkekani. Mjomba wetu mkubwa, mzee sana sasa, alikuwa ameletwa kutoka Kinole kwa ajili hiyo, maana bila mjomba barua haifunguliwi kwetu.

Mshenga akaanza kueleza habari za kijana: ni mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani, ukoo wao Songea ni huu, wana heshima hii. Aliongea vizuri. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho.

"Ahsante, baba. Huyo baba yake nimemsikia. Mama yake je?"

Mshenga akataja jina la mama.

"Jina nimelisikia. Ukoo?"

Mshenga akatazama wenzake. Hakuna aliyejua. Wakasema yule mama amezaliwa Dar es Salaam, Keko, ni mtu wa mjini.

"Hakuna mtu aliyezaliwa na Keko," mjomba akasema. "Mpigieni simu."

Wakampigia. Simu ikawekwa sauti ya juu katikati ya mkeka. Mama wa kijana akaamkia, "Shikamooni wazee," mjomba akaitikia marahaba, akamwuliza bila haraka: mwanangu, mama yako mzazi alitoka wapi? Tegetero. Wa ukoo gani? Yule mama akasita, akasema hana hakika, mama yake alikufa mapema. Lakini anakumbuka kwamba kwenye mazishi wazee walisema anazikwa Mbena.

Kijana ni Mbena. Binti yetu ni Mbena. Kwa mila ni kaka na dada, ingawa mmoja anaitwa kwa jina la Kingoni na mwingine kwa jina la mzee wa Kizaramo, na hawakuwahi kukutana kabla ya kupanda daladala moja Rangi Tatu.

Binti alilia. Nikamshika, nami nikiwa sijui nimwambie nini. Barua ikarudi kwenye leso. Ikafuata kazi ya wazee, iliyochukua wiki kadhaa: kutafuta tombo. Bibi wa kijana alikuwa mtoto wa nani, na yule wa nani, mpaka wapi hawa wawili wanakutana. Watu wa Tegetero walisafiri kwenda Kinole. Bibi mmoja kipofu alitaja majina ya wanawake kurudi nyuma kwa mpangilio, mama na mama yake, bila kusita, huku mpwa wangu akiandika kwenye simu. Hilo ndilo jambo lililonigusa kuliko yote. Katika majina yale hakuna hata moja utakalolikuta kwenye karatasi yoyote ya serikali au ya misheni. Yalikuwa kwake tu, na kama posa ingekuja miaka michache baadaye tusingeyapata.

Ikaonekana wanakutana mbali sana, kiasi kwamba mabibi waliogawana mabonde walikuwa wamesahauliwa na wengi. Shehe wa mtaa aliulizwa, akasema kwa sheria ya dini ndoa hii haina kizuizi chochote. Wapo wazee waliosema umbali ule umeshakata undugu, ilipwe faini ya mbuzi na kitambaa cheupe, waoane. Wapo waliosema Bena ni Bena hata kama ni wa kizazi cha Nuhu. Mjomba alikuwa wa hawa wa pili. Hakubadili neno lake, wala hakuzuia. Mahari ilipoletwa, mkaja wa mama ulipokelewa, ila kilemba cha mjomba alikirudisha. Akaja harusini. Ilipofika zamu ya wajomba kuketi na upande wao, akauliza akae wapi, kwa kuwa bwana harusi ni mpwa wake na bibi harusi ni mpwa wake. Wakamwekea kiti katikati.

Nilimsimulia habari hii jirani yangu wa kibiashara, Singasinga mwenye duka la vipuri, ambaye familia yake ilitoka Punjab. Hakushangaa. Yeye ni Jat, na Wajat, wakulima wa Punjab, Haryana na Rajasthan, wamegawanyika katika koo nyingi wanazoziita gotra: Gill, Sandhu, Sidhu, Dhillon na nyingine tele. Ukoo wao hutoka kwa baba. Lakini wakati wa kuoa, akaniambia, mila yao inawataka waikwepe gotra ya baba, ya mama, na mara nyingi ya bibi mzaa baba pia. Kwa hiyo Mjat wa Punjab, ambaye hurithi jina kwa baba, analazimika kujua ukoo wa mama yake na wa bibi yake kabla hajatuma mshenga. Koo zao nazo zina hadithi za kuhama: kutoka bonde moja la mito mitano kwenda jingine, kisha kwa meli mpaka Afrika Mashariki, Kanada na Uingereza. Wao wameandika vitabu vya nasaba, wana wapiga nasaba wa kurithi ambao kazi yao ni kukumbuka. Nilimwonea wivu mwema. Sisi tulikuwa tunamtegemea bibi mmoja kipofu.

Kwa nini upande wa mama umefifia hivi hapa mjini? Dini zote mbili kubwa zimeleta urithi wa upande wa baba, na mimi Mwislamu sina ugomvi na dini yangu. Shule ilituandika majina ya baba. Mwaka 1963, serikali ilipokusanya na kutangaza sheria za mila kwa maandishi, zilizoandikwa zilikuwa za makabila yanayomfuata baba, ambayo ndiyo mengi nchini. Sisi wa mama tukabaki na mila zetu midomoni. Mwaka huohuo uchifu ulifutwa, Kingalu akabaki kuwa mzee wa mila. Na Dar es Salaam yenyewe imefanya kazi yake: chumba cha kupanga hakina bonde la ukoo. Mwanamume wa Mtoni amejenga kwa jasho lake kiwanja alichonunua Kijichi au Chamazi, haoni sababu ya nyumba kwenda kwa watoto wa dada yake wakati wake mwenyewe wamelala ndani. Nami naona ana haki. Nyumba ya mjini ni ya walioijenga. Ninachokataa ni kuichukua sheria ya nyumba ya Chamazi kuipeleka kwenye shamba la Kinole.

Maana huko ndiko mgogoro ulipo sasa. Viungo vina bei, na mdalasini uliopandwa na mjomba kwenye bonde la ukoo una thamani ambayo bibi hakuiota. Watoto wa kiume wa mjomba wanataka wairithi miti ya baba yao. Wametoa jasho pale, hilo ni kweli. Lakini wao si Wabena. Mama yao ni wa ukoo mwingine wenye bonde lake upande wa Mkuyuni. Wakikata kipande kwa baba na kingine kwa mama, dada zetu watabaki na nini?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imetupa mlango. Inatambua hakimiliki ya kimila, na inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi. Watu kadhaa wanaweza kuandikwa pamoja kwenye hati moja. Tukakaa kikao Kinole, chini ya mfenesi, watu wa mlimani na sisi tuliopanda kutoka Temeke, Buguruni na Chanika. Maneno yalikuwa makali. Mmoja wa watoto wa mjomba aliuliza mbele ya wote: "Shangazi, wewe unaishi mjini, jembe hujashika tangu nikujue, shamba la nini?" Nilimjibu kwamba mimi nauza kila kinachotoka humo, na kwamba mama yangu alizikwa mita mia kutoka alipokuwa amekaa. Hakuridhika. Nisingeridhika pia ningekuwa yeye.

Tulikubaliana haya. Hati iandikwe kwa majina ya wanawake wa tombo letu pamoja na kaka zao, na baada yao waingie watoto wa wanawake. Miti aliyopanda mjomba itavunwa na watoto wake mpaka iishe, bila kupandwa mingine. Binti yetu aliyeolewa na Mbena mwenzake ameandikwa, na mumewe anauliza kama naye, kwa kuwa ni Mbena wa Tegetero, ana bonde kule. Wazee wa Tegetero wamemwambia aje na mama yake, si na baba. Waliobaki ni watoto wa wanaume wetu ambao mama zao ni watu wa mjini wasiojua ukoo wala wasio na bonde popote. Hao hatujawamaliza. Mjomba mkubwa anasema kila mmoja wao akamwulize bibi mzaa mama kwanza, kisha ndiyo azungumze, na kikao kingine kimepangwa pilipili manga ikishaanuliwa.